Kuvua kwa Upinde: Fedha ya Kwanza Iende kwenye Mshipi

Miongoni mwa barua tunazoletewa na wenzetu walioko masomoni ng'ambo, hasa wale wa Marekani, kuna swali moja ambalo limekuwa likijirudia mara kwa mara, nalo halihusu gwaride wala mizinga. Wanauliza: upinde wa kuvulia samaki ununuliwe upi? Maana huko, afisa au askari mgeni hawezi kumaliza miezi miwili katika kambi iliyo karibu na maji bila ya mwenyeji mmoja kumwalika siku ya Jumamosi kwenda kuvua kwa upinde. Naye mgeni, kwa kuwa hataki kuazima vitu vya watu kila wiki, huenda dukani na posho yake ndogo mfukoni, akakuta ukuta mzima umejaa pinde za rangi za kila namna, na muuzaji mwenye tabasamu. Sisi tulikwisha kusimama mbele ya ukuta huo. Tulichokinunua siku ile nusura kimtoe jicho mtu mwingine, na ndiyo sababu tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hili kwa kirefu.

Kwa msomaji ambaye hajauona, mchezo wenyewe ni huu. Mvuvi husimama mbele ya mashua yenye tako bapa, au hutembea katika maji ya magotini, akamtafuta samaki kwa macho yake mwenyewe. Upinde wake umefungwa kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambacho wengi siku hizi hukiita rili. Na mshale wake, ambao ni mzito na hauna manyoya, umefungwa kwenye ncha ya mshipi huo. Akimwona samaki huvuta, huachia, na mshale ukishika humvuta samaki kama mtu avutaye ndoo kisimani. Si uvumbuzi wa Wamarekani, kwani makabila ya msitu wa Amazon na wenyeji wa visiwa vya Andaman wamekuwa wakipiga samaki kwa mishale tangu zama za kale. Walichofanya Wamarekani ni kuugeuza kuwa mchezo wa mwisho wa juma, na kuufungulia maduka.

Katika majimbo mengi ya huko sheria hairuhusu kuwapiga kwa mshale samaki wanaothaminiwa na wavuvi wa ndoana. Wanaoruhusiwa ni wale wanaohesabiwa kuwa duni au wavamizi. Karpi wa kawaida waliletwa kutoka Ujerumani mwaka 1877 na serikali yenyewe, ili wawe chakula cha wananchi, kisha wakaenea hata wakawa kero. Karpi wa fedha, ambaye asili yake ni Asia, aliingizwa Arkansas katika miaka ya 1970 ili asafishe mabwawa. Akatoroka, na leo katika Mto Illinois huruka juu ya maji asikiapo mtambo wa mashua, hata akampiga mtu kifuani. Kuna na gar, samaki mwenye mdomo kama wa mamba na magamba magumu kama vigae. Mmoja wa aina kubwa aliyenaswa wavuni katika Ziwa Chotard, Mississippi, mwaka 2011 alikuwa na uzito wa pauni 327, yaani kilo 148. Lakini huyo mkubwa analindwa na sheria katika baadhi ya majimbo, na mgeni asimguse kabla ya kuuliza.

Sisi tulikuwa katika jimbo la Maryland, katika kozi ya uhusiano wa jeshi na umma huko Fort Meade, na samaki anayewindwa huko ni yule ambaye wenyeji humwita kichwa-cha-nyoka. Asili yake ni Uchina na nchi zilizo jirani nayo. Mwaka 2002 alionekana katika bwawa dogo la mji wa Crofton, mwendo mfupi kwa gari kutoka kambini. Ikabainika kwamba mtu mmoja alikuwa amenunua wawili wakiwa hai sokoni New York kwa ajili ya supu ya mgonjwa, kisha akawatia bwawani. Wakuu wa jimbo wakalitia bwawa zima sumu, wakakuta wakubwa sita na wadogo zaidi ya 1,000. Hata hivyo, mwaka 2004 samaki wa aina hiyo walionekana katika Mto Potomac, na mto haufungiwi kama bwawa. Kichwa-cha-nyoka hupanda juu kuvuta hewa kama kamongo wetu, hivi kwamba mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kyoga hahitaji kufundishwa namna ya kumvizia.

Tuliponunua upinde wetu wa kwanza, tulinunua kama mtu anunuavyo redio, yaani kwa sura. Ilikuwa ni seti kamili kwa dola 90: upinde wa roda uliokwisha tumika, umepakwa upya rangi za mabaka kama sare ya vitani, kigurudumu cha plastiki, na mishale miwili. Mabaka yale yalitudanganya, kwani askari hupenda kitu kinachofanana naye. Hatukuuliza mshipi umefungwa wapi.

Jumamosi iliyofuata sajini mmoja mstaafu, mzee mwenye mashua ya aluminiamu, alituchukua kwenye vijito vinavyomwagika katika Potomac kusini ya Washington. Tulikuwa watatu: yeye, sisi, na luteni mmoja wa nchi jirani ambaye tulikuwa tukisoma naye na kuzungumza naye Kiswahili kila tulipochoka na Kiingereza. Yapata saa nne za usiku, taa za mashua zikiangaza majani yaliyo chini ya maji, luteni aliomba ajaribu. Tukampa upinde kwa mikono yetu wenyewe. Alimwona samaki, akavuta, akaachia. Hatukusikia mshale ukiingia majini. Tulisikia mlio kama wa kofi, kisha kitu kikagonga ubavu wa mashua nyuma yetu.

“Afande,” alisema kwa sauti ya chini, “mshale umerudi.”

Alikuwa amevaa miwani ya kinga ya uwanja wa shabaha, ile ya kioo cheupe, kwa mazoea tu. Kioo cha kulia kilikuwa kimechimbwa mfereji kutoka upande wa pua hadi upande wa sikio, na juu ya nyusi damu ilikuwa ikichuruzika. Mzee alizima mtambo, akammulika usoni kwa taa ya mkononi, akahakikisha kwamba jicho ni zima. Kisha akauokota mshale na kuutazama mkiani tu. “Nani alifunga hivi?” aliuliza. Tulikaa kimya, maana aliyefunga hatukumjua, na aliyepokea bila kukagua ni sisi. Mzee akatoa kisu, akaukata mshipi, na uvuvi wa usiku ule ukaishia hapo. Nyusi ya luteni ilishonwa nyuzi nne.

Kosa lilikuwa hili. Mshipi ulikuwa umefungwa katika tundu la mkiani mwa mshale, karibu kabisa na mahali unapokaa upote, yaani ule uzi wa upinde. Mtu akivuta, mshipi nao hurudi nyuma pamoja na mkia wa mshale, ukaning'inia kama kitanzi kando ya upote, ya roda na ya mkono wake. Akiachia, kitanzi hicho kikikamata kitu chochote, ikiwa ni roda, kifungo cha shati, saa ya mkononi au upote wenyewe, mshale hufika mwisho wa kamba ungali na kasi yake yote. Mshipi wa nailoni hunyumbuka kama mpira wa manati. Basi mshale hugeuka na kurudi ulikotoka, nako ni usoni mwa mpigaji.

Dawa yake ni pete ndogo inayovishwa mwili wa mshale na kuteleza juu yake. Mshipi hufungwa kwenye pete, si kwenye mshale. Kabla ya kuvuta, pete husogezwa mbele ya upinde, upande wa samaki. Mtu akivuta, mshale hurudi nyuma lakini pete na mshipi hubaki mbele ya mkono. Mshale ukiondoka, pete huteleza hadi kwenye kizuizi kilichoko mkiani, na kutoka hapo mshale huuburura mshipi nyuma yake kwa unyofu. Mshipi haupati kamwe nafasi ya kukaa baina ya mtu na upote. Pete hiyo pamoja na vizuizi vyake ni ya dola chache tu, na huuzwa peke yake kwa mtu ambaye tayari ana mishale ya zamani. Kama msomaji ana dola 5 tu za kutumia katika mchezo huu, azitumie hapo, na upinde auazime.

Katika chuo cha makadeti tulikuwa na mkufunzi ambaye ukaguzi wake wa bunduki ulianzia kwenye mkanda. Sisi tulijipanga mitutu iking'aa. Yeye aliuvuta mkanda kwa nguvu zake zote, na ukikatika mwenyewe aliuzunguka uwanja mbio. Tulimwona kuwa ni mtu wa vijambo vidogo. Usiku ule juu ya maji tulimkumbuka, kwa kuwa upinde wetu tulikuwa tumeukagua kuanzia kwenye rangi.

Baada ya pete, fedha iende kwenye mshipi. Mshipi mwembamba wa ndoana haufai hata kidogo. Unaotakiwa ni wa nyuzi zilizosukwa, wenye kustahimili pauni 200 hivi, yaani kilo 90. Msomaji atauliza, samaki wa kilo tano anahitaji kamba ya kilo 90 kwa nini? Kwanza ni kwa sababu samaki mara nyingi huvutwa kwa mkono mtupu, na kamba nyembamba hukata vidole kama wembe. Pili, mshale unaomkosa samaki haukosi chini: hujichoma katika tope, mzizi au gogo, nao hauna budi kung'olewa. Mshipi dhaifu hukatika hapo, na mshale hubaki kuwa mali ya mto. Tena, kamba ambayo haikatiki ghafla haimpigi mtu. Mzee yule alikuwa na desturi moja ambayo tuliiga: kila arudipo kutoka majini hupitisha mita mbili za mwisho za mshipi baina ya kidole gumba na cha shahada, na akihisi ukwaru wowote hukata sehemu ile na kufunga fundo jipya. Fundo hulilowesha kwanza, kisha hulikanyagia mshale chini na kulivuta kwa mikono miwili. Rangi iwe nyeupe au ya machungwa, ili mshipi uonekane kwa taa.

Mshale ndio mahali ambapo wageni wengi hukosea kwa kudhani kwamba wepesi ni sifa. Askari anajua kwamba risasi ya bunduki ya kasi kubwa ikipigwa majini huvunjika au huishiwa nguvu katika umbali mfupi mno. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Kasi humezwa upesi, na kinachoendelea kusukuma ni uzito. Kwa hiyo mshale wa kuwindia nchi kavu, wenye gramu 30 hivi, hauna kazi hapa. Wa samaki huwa na gramu 80 au zaidi. Hauna manyoya, kwani manyoya yakilowa hayasaidii kitu, na mshipi unaoburutwa nyuma hutosha kuunyoosha katika masafa haya ya mita tano au kumi. Ulio wa bei nafuu na wa kudumu ni wa faibaglasi iliyojaa, isiyo na uwazi ndani, urefu wa inchi 32 na unene wa milimita 8. Mti hupasuka kwa kulowa na kukauka, aluminiamu hupinda kwenye jiwe la kwanza, na kaboni ni nzuri lakini bei yake ni ya watu wa mashindano. Inunuliwe miwili au mitatu inayofanana kabisa, ili mkono usijifunze upya kila mmoja unapopotea.

Faibaglasi nayo ina hila yake. Ikipata ufa huonekana nzima, kisha siku moja hupasuka inapoachiwa, na vipande vyake ni vijisindano vya kioo. Kabla ya kila safari mshale ukunjwe kidogo kila upande, mbali na uso, mkono ukiwa na kitambaa, na sikio lisikilize. Ukilia, uvunjwe uwe vipande viwili papo hapo ili asije mwingine akauokota akiudhani mzima. Tulimwona Mzee akivunja mshale wake mpya namna hiyo bila hata kuguna.

Chembe, yaani ile ncha ya chuma, iwe ya kufunguliwa kwa kuzungushwa, na vimiba vyake viweze kugeuka ili samaki atolewe bila kuchanwachanwa. Jambo hili lijaribiwe dukani na vidole vilivyolowa. Chembe isiyofunguka ila kwa koleo ni rahisi dukani tu. Ncha iliyobutuka kwa mawe hunolewa kwa tupa dakika mbili, na ikiisha hununuliwa peke yake; muuzaji anayesema kwamba mshale mzima lazima ubadilishwe anauza mishale.

Sasa twende kwenye rili, ambako fedha nyingi hupotea. Kuna aina tatu. Ya kwanza ni kama kopo pana lililofungwa mbele ya upinde kwa skrubu. Mshipi huzungushwa juu yake kwa mkono, na mshale ukiondoka hujifyatua wenyewe. Haina meno, haina springi, haina kitu cha kuharibika. Kasoro yake ni uvivu, maana kuukunja mshipi huchukua muda, na aliye na haraka ya kupiga mara ya pili hukasirika. Ya pili ni ya chupa: mshipi huangukia ndani ya chupa ya plastiki, na mvuvi akitaka kuurudisha hubana wenzo na kuzungusha mkono. Hii ndiyo tunayoipenda kwa mtu atakayevua kila wiki, kwa sababu haina jambo la kukumbuka kabla ya kupiga. Ila bei yake ni mara nne au tano ya kopo.

Ya tatu ni ile iliyofunikwa, yenye kitufe, ambayo ni ndugu wa rili za ndoana. Hapa tuseme kidogo habari za chanzo chake, kwa kuwa zinatuhusu sisi watu wa silaha. Kampuni ya Zebco ya Tulsa, Oklahoma, iliyozifanya rili za namna hii kuwa maarufu, hapo kwanza ilikuwa ikitengeneza mabomu ya saa ya kulipulia visima vya mafuta, na jina lake lilikuwa Zero Hour Bomb Company. Fundi mmoja wa Texas, R. D. Hull, aliwapelekea wazo lake mwaka 1947, na rili ya kwanza ikatoka mwaka 1949. Husimuliwa kwamba mojawapo ilipotumwa zawadi kwa Rais Eisenhower, walinzi wake waliona jina lile la bomu wakaitumbukiza ndani ya maji. Kisa hicho kiwe kweli kisiwe, jina lilifupishwa. Rili hizi ni imara, na mshipi hurudi upesi kuliko katika zile nyingine. Lakini katika nyingi ya aina hii, kabla ya kupiga ni lazima kitufe kibonyezwe ili mshipi uachiliwe. Mtu akisahau, mshale hufungwa breki angani, na msomaji tayari anajua unakokwenda. Mwenye mazoea ya kufungua kizuizi cha bunduki kabla ya kufyatua anaweza kujiamini; anayeanza, tena usiku, tena samaki akiwa amemsisimua, asijiamini.

Upinde wenyewe tumeuweka mwisho kwa makusudi. Upinde wa roda, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, ni chombo cha ajabu: roda zake hupunguza uzito mtu akifika mwisho wa kuvuta, hata aweze kulenga kwa utulivu. Lakini katika kuvua hakuna utulivu. Samaki huonekana, na katika nukta mbili ama umepiga ama ameondoka. Mara nyingi huachiwa hata kabla ya kuvuta hadi mwisho. Aidha, upinde wa roda hupimwa kwa urefu wa mkono wa mtu mmoja, na nyuzi zake zikichakaa huhitaji fundi mwenye mtambo. Kwa mtu wa posho tunashauri upinde wa kawaida wenye ncha zilizopinda, kishikio cha chuma au aluminiamu, na mikono ya faibaglasi inayofunguliwa kwa skrubu. Uzito wa kuvuta pauni 40, au kilo 18, watosha kabisa kwa samaki wa Potomac. Watu watatu wa chumba kimoja wanaweza kuutumia upinde kama huo, nao huingia ndani ya mfuko wa safari.

Uliotumika hauna ubaya, bali ukaguliwe kama bunduki inayopokelewa ghalani. Ushikwe kwa ncha na utazamwe kwa urefu wake, upote ukipita katikati ya mikono yote miwili. Mkono uliojikunja upande haunyooki tena. Kipande cha pamba kipitishwe juu ya faibaglasi yote, na pale kinaponasa nyuzi pana ufa ambao jicho halikuuona. Ncha zinazoshika upote zitazamwe kwa makini. Kishikio cha mbao kikiwa na mstari mweusi kwenye gundi, kirudishwe kwa mwenyewe, maana maji yalikwisha kuingia. Mbele ya kishikio pawe na tundu la skrubu la kufungia rili. Pasipokuwa na tundu utalazimika kuifunga kwa utepe, nao hulegea. Upote ununuliwe mpya hata kama muuzaji anaapa. Tena asiruhusiwe mtu dukani kuuvuta na kuuachia bila mshale ili kuonyesha nguvu zake, kwa kuwa pigo tupu la namna hiyo huvunja upinde kuliko mwaka mzima wa kazi.

Kifaa cha kulengea ni fedha iliyotupwa. Mwanga hupinda unapotoka majini, na samaki huonekana juu zaidi ya alipo; basi hulengwa chini yake, na kiasi cha chini hubadilika kwa umbali na kina. Wavuvi wa huko wana kanuni: samaki aliye mbali futi 10 na kina cha futi 1, lenga inchi 4 chini yake, umbali au kina kikizidi mara mbili, zidisha na inchi. Kanuni hiyo haiuzwi. Badala ya kifaa hicho, inunuliwe miwani ya kuondoa mng'aro wa maji kwa mchana, na ya kinga yenye kioo cheupe kwa usiku. Vifuko vya mpira vya kuvika upote huokoa vidole. Taa na mashua ni mambo ya mwenyeji.

Seti yetu ya pili, tuliyoikusanya kipande kwa kipande kwa mwezi mmoja, ilikuwa hivi: upinde uliotumika dola 60, rili ya kopo dola 20, mishale miwili yenye pete na chembe dola 50, mshipi dola 15, miwani dola 20. Jumla dola 165. Ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na wapo wenzetu watakaosema kwamba huo si unafuu. Tunawajibu kwamba katika ile ya dola 90 hatukuweza kuokoa hata skrubu moja, kwani roda zake zilikuwa na kutu ndani ya rangi.

Utunzaji wake ni mfupi. Vyote visuuzwe kwa maji safi, hasa vikitoka katika maji ya chumvi ya Chesapeake, vikaushwe kivulini, skrubu zikazwe, na upinde usiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto hulegeza gundi. Upote ufunguliwe upinde upumzike.

La sheria hatuwezi kuliruka, kwani wasomaji wetu wengi ni walinzi wa sheria. Leseni ya uvuvi ni lazima hata kwa mgeni wa kijeshi. Kichwa-cha-nyoka akishanaswa auawe palepale, kwa maana kumhifadhi akiwa hai ni kosa. Nyama yake ni nyeupe na ngumu kiasi, haina miiba mingi, na hapana sababu ya kumwacha ufukweni aoze. Mwaka 2017 bunge la Maryland lilisimamisha mashindano ya kuua kwa mishale samaki aina ya taa katika Chesapeake, baada ya watu kuona wakipigwa kwa wingi na kutupwa; samaki huyo kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Na huku nyumbani, wenzetu waliopelekwa mwaka 2017 kulinda maziwa dhidi ya uvuvi haramu wanajua kwamba kila chombo cha kuvulia kina sheria yake. Basi anayerudi na upinde mfukoni amwone kwanza afisa wa uvuvi kabla hajausogeza Kyoga.

Luteni alirudi majini wiki tatu baadaye, kovu likiwa bado jekundu, miwani mpya usoni. Tulidhani atakataa upinde wetu, lakini aliupokea kwa mikono miwili. Kabla ya kuvuta aliishika pete kwa vidole viwili, akaisogeza nyuma hadi kwenye kizuizi, akairudisha mbele ya upinde, kisha akatutazama. Tukaitikia kwa kichwa. Mshale wa kwanza ulikwenda kwenye tope, na ilibidi tuuvute sote watatu. Usiku ule alipata samaki wawili, na Mzee akawakaanga pale pale bandarini.